Shahada Inapopimwa Yenyewe

Mtihani wa chuo kikuu hujibu swali moja: mwanafunzi huyu amefaulu au hakufaulu? Lipo swali la pili, gumu zaidi na lisiloulizwa mara nyingi: je, programu ya shahada yenyewe imefundisha ilichoahidi kufundisha? Maswali haya mawili hayana jibu moja. Mwanafunzi anaweza kung'ara katika programu dhaifu kwa sababu alifika chuoni na uwezo wake na bidii yake, na darasa zima linaweza kuvaa majoho siku ya mahafali ilhali jambo fulani la msingi katika fani hiyo halijawahi kuwaingia wengi wao. Kupima programu ni kulitafuta jambo hilo, kujua lilipotelea wapi katika miaka mitatu au minne ya masomo, kubadilisha ufundishaji, kisha kurudi kupima tena kuona kama badiliko limezaa kitu.

Alama za kawaida hazijibu swali hili la pili, na sababu iko katika namna zinavyotengenezwa. Katika vyuo vingi vya Tanzania kozi moja huwa na alama 40 za kazi za muhula, yaani majaribio, mazoezi na kazi za vikundi, na alama 60 za mtihani wa mwisho. Nchini Kenya mgawanyo uliozoeleka ni 30 kwa 70. Vyote hujumlishwa, namba moja hutoka, namba hugeuzwa herufi, na herufi huingia katika wastani wa jumla ambao kwa Tanzania ukomo wake ni 5.0, na kuanzia 4.4 mhitimu hupata daraja la kwanza. Kila hatua ya kujumlisha hufuta habari fulani. Mwalimu wa takwimu akiona wastani wa darasa ni 58, hawezi kujua kama wanafunzi wake wanajua kila kitu nusunusu, au wanachora grafu na kukokotoa vizuri lakini hawawezi kabisa kueleza namba hizo zinamwambia nini mkulima aliyehojiwa katika utafiti. Wanafunzi wanajua nani ana sapu, yaani mtihani wa marudio, na nani amedisco, yaani ameondolewa masomoni. Idara inajua asilimia ya waliofaulu. Kile ambacho darasa halikujifunza hakionekani popote.

Kwa hiyo kazi huanza mapema, kabla ya mtihani wowote, pale idara inapoandika mhitimu wake atakuwa anaweza kufanya nini. Maandishi hayo huitwa matokeo ya ujifunzaji, na uzito wake uko kwenye kitenzi. Kusema kwamba mhitimu wa sheria "ataelewa sheria ya mikataba" hakumpi mtu yeyote kitu cha kupima. Kusema kwamba ataweza kusoma mkataba wa kupanga nyumba na kuonyesha vifungu ambavyo mahakama haitavikubali ni jambo linaloweza kupimwa kesho asubuhi. Wanaoandika matokeo haya mara nyingi hutumia ngazi zilizotolewa mwaka 1956 na kundi la watahini wa Marekani lililoongozwa na Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago. Zilikuwa ngazi sita, kuanzia kujua na kufahamu, kupitia kutumia na kuchambua, hadi kuunganisha na kutathmini. Mwaka 2001 zilifanyiwa marekebisho na kuunda kitu kipya kukawekwa juu kabisa. Faida yake kubwa ni kuifichua programu inayoahidi wahitimu wachambuzi huku mitihani yake yote ikiuliza "taja" na "orodhesha". Mwaka 1996 John Biggs, mtaalamu wa elimu kutoka Australia, alilieleza sharti hili kwa uwazi: matokeo yaliyoahidiwa, shughuli za darasani na mtihani lazima vielekee upande mmoja, maana mwanafunzi hujifunza kile anachojua kitaulizwa.

Baada ya matokeo kuandikwa, idara huchora ramani ya mtaala. Ni jedwali tu: upande mmoja kozi zote za shahada, upande mwingine matokeo yote, na katika kila kisanduku alama inayoonyesha kama kozi hiyo inaanzisha jambo, inalifanyia mazoezi, au inadai mwanafunzi alimudu. Walimu wanapokaa pamoja kuijaza, mambo ya kushangaza hujitokeza. Uandishi wa ripoti za kitaalamu hufundishwa muhula wa kwanza katika kozi ya stadi za mawasiliano, kisha hakuna anayeugusa tena mpaka mwaka wa mwisho mwanafunzi anapotakiwa kuandika ripoti ya utafiti yenye kurasa 60. Kozi tatu tofauti zinafundisha utangulizi uleule wa takwimu, kila mwalimu akiamini yeye ndiye wa kwanza. Tokeo zuri kuhusu maadili ya kazi limeandikwa ukurasa wa kwanza wa mtaala na halimo katika kozi yoyote. Ramani hii haigharimu zaidi ya karatasi na vikao vichache, na pengine hakuna hatua nyingine katika kazi yote hii inayorudisha faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo.

Kisha ushahidi. Wapimaji huugawa katika aina mbili. Ushahidi wa moja kwa moja ni kazi ya mwanafunzi mwenyewe: insha, hesabu, mchoro, upasuaji wa mfano, somo alilofundisha akiwa kwenye mazoezi ya ualimu. Ushahidi wa pembeni ni yale watu wanayosema kuhusu ujifunzaji: dodoso la wanafunzi mwisho wa muhula, maoni ya waajiri, ufuatiliaji wa wahitimu walioko kazini.

Njia nyepesi ya kupata ushahidi wa moja kwa moja ni kutumia kilichopo tayari. Idara huchagua maswali mawili au matatu ndani ya mtihani wa kawaida, yaliyofungamana na tokeo fulani, na alama za maswali hayo huandikwa kando badala ya kuzama katika jumla. Kwa insha na ripoti hutumika jedwali la vigezo linaloeleza kwa maneno kazi dhaifu ikoje, ya wastani ikoje na nzuri ikoje, kwa kila kipengele: hoja, ushahidi, mpangilio, lugha. Walimu wawili husoma kazi zilezile bila kuonana, kisha hulinganisha. Wakitofautiana sana, vigezo havijaeleweka, na mazungumzo yanayofuata ndiyo sehemu yenye manufaa kuliko zote, kwa sababu pengine ni mara ya kwanza walimu hao wa idara moja wanaambiana wazi kazi nzuri ni ipi.

Fani za afya zilipiga hatua kubwa zaidi. Kwa muda mrefu daktari mwanafunzi alipimwa kwa kupewa mgonjwa mmoja wodini na kuhojiwa na daktari mkuu. Aliyepata mgonjwa rahisi na mtahini mpole alipita, mwenzake akaanguka. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walieleza katika jarida la madaktari la Uingereza mtihani wa namna nyingine. Wanafunzi huzunguka vituo vingi, kila kimoja kwa dakika chache. Hapa unapima shinikizo la damu, pale unachukua historia ya mama mwenye mtoto anayeharisha, kwingine unasoma picha ya eksirei. Kila kituo kina mtahini wake na orodha ya hatua za kuangalia, na kila mwanafunzi hukutana na mambo yaleyale. Mtihani huu, unaojulikana kwa kifupi OSCE, sasa hutumika duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo. Uzuri wake kwa mpimaji wa programu ni kwamba matokeo ya kila kituo husomeka peke yake. Darasa zima likianguka kituo cha kumweleza mgonjwa habari mbaya, chuo kimejua kitu mahususi ambacho wastani wa alama usingeweza kukisema.

Ushahidi wa pembeni una nafasi yake, lakini unahitaji tahadhari. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walichapisha jaribio katika kozi za fizikia: wanafunzi walipangwa kwa bahati nasibu, wengine wakafundishwa kwa mhadhara uliotolewa kwa ufasaha, wengine kwa kushughulika na maswali wenyewe kwa vikundi. Waliohangaika na maswali walipata alama za juu zaidi katika jaribio la mwisho. Hata hivyo walipoulizwa, hao hao walijiona wamejifunza kidogo kuliko walioketi kusikiliza mhadhara mtamu. Chuo kinachompima mwalimu kwa dodoso la wanafunzi peke yake kinaweza kumzawadia anayependeza na kumwadhibu anayefundisha.

Afrika Mashariki ilirithi pia njia ya zamani zaidi ya kuhakiki shahada, nayo ni mtahini wa nje. Chuo Kikuu cha Durham, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1832, kiliwaita walimu wa Oxford waje kushiriki katika mitihani yake ili shahada zake ziaminike. Mtindo huo ukaenea. Makerere ilipofungamana na Chuo Kikuu cha London mwishoni mwa miaka ya 1940, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kikitoa shahada za London, viwango vililindwa kwa kuhakikiwa kutoka nje. Baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki cha 1963 hadi 1970 kugawanyika na kuzaa vyuo vikuu vitatu, utaratibu ulibaki. Mpaka leo maprofesa husafiri kati ya Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na kwingineko kusoma mitihani na kazi za wanafunzi wa wenzao. Mtahini wa nje hulinda haki na kiwango. Hata hivyo huja mwishoni, husoma kilichokwisha kuandikwa, na siku zake chache hazimruhusu kujua kwa nini darasa zima lilikosea jambo lile lile mwaka jana na mwaka juzi.

Mfano bora wa upimaji uliobadilisha ufundishaji unatoka katika fizikia. Mwaka 1985 Ibrahim Halloun na David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Arizona State walionyesha kwamba wanafunzi waliomaliza kozi ya kwanza ya mekanika bado waliamini mambo waliyokuja nayo kutoka mtaani, kwa mfano kwamba kitu hakiwezi kuendelea kwenda bila kusukumwa. Mwaka 1992 Hestenes na wenzake wakatoa jaribio la maswali ya kuchagua kuhusu kani, lisilohitaji hesabu hata kidogo. Swali moja linahusu lori kubwa linalogongana uso kwa uso na gari dogo: ni lipi linalolisukuma lenzake kwa kani kubwa zaidi? Jibu, kwa sheria ya tatu ya Newton, ni kwamba kani ni sawasawa. Wanafunzi wengi waliokariri sheria hiyo neno kwa neno huchagua lori.

Eric Mazur, profesa wa fizikia Harvard, aliyekuwa akisifiwa na wanafunzi wake, aliwapa jaribio la namna hiyo mwaka 1990 akitarajia walimalize kwa wepesi. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu kwa jinsi alivyofundishwa au kwa jinsi anavyofikiri yeye mwenyewe. Swali hilo lilieleza hali yote: darasa lilikuwa na fizikia mbili, moja ya mtihani na moja ya maisha, na mihadhara haikuwa imezikutanisha. Mwaka uliofuata Mazur alianza kukatisha mihadhara yake kwa maswali. Kila mwanafunzi huchagua jibu peke yake, kisha hugeuka kumshawishi jirani yake, kisha wote huchagua tena, na mwalimu hueleza kwa kuzingatia pale walipokwama.

Jaribio lile lile liliwezesha vyuo mbalimbali kulinganishwa. Mwaka 1998 Richard Hake wa Chuo Kikuu cha Indiana alikusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 katika kozi 62, waliopimwa mwanzoni na mwishoni mwa kozi. Hakuuliza walimaliza na alama ngapi, kwa maana waliotoka shule nzuri wangeonekana wamefundishwa vizuri. Aliuliza: katika yale ambayo hawakuyajua walipoingia, wamepata kiasi gani? Katika kozi 14 za mihadhara ya kawaida jibu lilikuwa wastani wa asilimia 23. Katika kozi 48 zilizowashughulisha wanafunzi lilikuwa asilimia 48. Mwaka 2014 uchambuzi wa tafiti 225 za sayansi, uhandisi na hisabati ulifika upande huohuo: katika madarasa ya mihadhara walioanguka walikuwa asilimia 33.8, na katika madarasa yanayoshughulisha wanafunzi asilimia 21.8. Hapa upimaji haukuishia kabatini. Ulionyesha tatizo ambalo walimu wazuri hawakuwa wakiliona, ukatoa njia ya kujua kama tiba inafanya kazi, na ukawaondolea walimu kisingizio kwamba wanafunzi wa siku hizi ni wazembe.

Kubadilisha kozi moja ni jambo la mwalimu mmoja mwenye moyo. Kubadilisha chuo kizima ni kazi nyingine, na Afrika Mashariki inao mfano wake pale Muhimbili, Dar es Salaam. Chuo hicho kilianza mwaka 1963 kama shule ya udaktari, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1991, na mwaka 2007 kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili cha afya na sayansi shirikishi. Kuanzia 2008, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kiliamua kupitia upya mitaala ya taaluma zake zote pamoja: udaktari, meno, famasia, uuguzi na afya ya jamii. Mitaala mipya iliyojengwa juu ya umahiri ilianza kutumika mwaka 2011.

Mpangilio wa kazi ile unafaa kuangaliwa kwa makini. Chuo hakikuanza kwa kuuliza kozi zipi ziongezwe. Kiliwafuata wahitimu wake walioko katika hospitali na ofisi za afya, kujua wako wapi, wanafanya kazi gani, na yale waliyofundishwa yanawafaa vipi. Wadau wa sekta waliulizwa mhudumu wa afya wa Tanzania anatakiwa kuweza nini. Kutokana na hayo kila taaluma ikaandika umahiri wa mhitimu wake, na mambo ambayo zamani yalidhaniwa mwanafunzi atayapata njiani tu, kama mawasiliano na wagonjwa, maadili, kufanya kazi na taaluma nyingine na kuendelea kujisomea baada ya kuhitimu, yakaandikwa na kudaiwa kama vile anatomia inavyodaiwa. Jambo la busara zaidi ni kwamba kabla mitaala mipya haijaanza, wanafunzi waliokuwa wakikaribia kuhitimu kwa mitaala ya zamani walipimwa wanajiona na uwezo kiasi gani katika umahiri huo. Bila kipimo hicho cha awali hakuna ambaye angeweza kusema baadaye kama mabadiliko yalileta tofauti. Taasisi nyingi husahau hatua hii, zikakumbuka wakati mtaala wa zamani umeshafutwa.

Mageuzi yale yalihitaji pia kuwafundisha wahadhiri wenyewe. Daktari bingwa aliyesomea upasuaji miaka mingi hajawahi, kwa kawaida, kufundishwa namna ya kutunga swali la mtihani au namna ya kumweleza mwanafunzi kosa lake akaweza kulirekebisha. Muhimbili iliunda kikundi cha wahadhiri wa kuongoza elimu ya taaluma za afya ndani ya chuo, ili ujuzi huo usiondoke na wageni washirika. Changamoto iliyobaki ni ile inayojulikana katika vyuo vyote vya ukanda huu: umahiri hupimwa kwa kumwangalia mwanafunzi akitenda, na kumwangalia kunadai walimu wengi, wakati idadi ya wanafunzi wodini inaongezeka kwa kasi kuliko idadi ya walimu.

Wahandisi wa Marekani walipita njia hiyohiyo kwa kusukumwa na mamlaka yao ya ithibati, ABET. Zamani mamlaka hiyo ilihesabu mambo yaliyoingia: mihula mingapi ya hisabati, maabara ngapi, walimu wangapi. Mwaka 1997 ilipitisha vigezo vipya vilivyoitwa EC2000, vyenye orodha ya mambo 11 ambayo mhitimu lazima ayaweze, yakiwemo kufanya kazi katika timu, kuwasiliana na kutambua wajibu wa kimaadili. Orodha hiyo imefupishwa kuwa mambo 7 kuanzia mwaka wa masomo 2019/2020. Wengi waliogopa kwamba mambo hayo "laini" yangekula muda wa sayansi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State wakalinganisha wahitimu wa 1994 na wa 2004 kutoka vyuo 40, na ripoti yao ya 2006 ilionyesha wa 2004 wakijiona na uwezo mkubwa zaidi katika kila eneo lililopimwa, hasa kuelewa athari za uhandisi kwa jamii, na hisabati na sayansi hazikushuka. Ni kweli kwamba huo ni ushahidi wa pembeni, maana wahitimu walijieleza wenyewe. Lakini waajiri na walimu nao waliulizwa, na picha haikupingana.

Mifano hii ni ya walioweza. Ukweli wa jumla ni mchungu zaidi. Trudy Banta wa Indianapolis, mmoja wa waasisi wa fani ya kupima programu nchini Marekani, pamoja na wenzake, walikusanya maelezo 146 ya upimaji uliohesabiwa kuwa wa mfano wa kuigwa. Walipoyachunguza kutafuta uthibitisho kwamba baada ya mabadiliko wanafunzi walijifunza zaidi, waliukuta katika asilimia 6 tu. Wengine walikuwa wamepima, wameandika ripoti, pengine wamebadilisha mtaala. Hawakurudi kupima tena. Na hao walikuwa waliochaguliwa kwa ubora.

Sababu si uvivu. Kupandishwa cheo kwa mhadhiri hutegemea zaidi machapisho, na hakuna kamati inayouliza wanafunzi wake wa mwaka wa pili sasa wanaandika vizuri kuliko wa miaka mitatu iliyopita au la. Mwenye darasa la wanafunzi 400 anasahihisha usiku kucha na hana nafasi ya kuandika alama za swali moja moja kando. Halafu kuna hofu: idara inayoonyesha kwa uaminifu kwamba wanafunzi wake hawawezi jambo fulani inajiweka shabaha ya kulaumiwa, kwa hiyo huchagua kupima yale inayojua yatapendeza. Mamlaka ya ithibati inayokagua mafaili pekee huikuza hofu hiyo. Ikidai kila programu ifikie asilimia 80, kila programu itafikia asilimia 80, kwa kushusha ugumu wa maswali.

Kupima kwa mtihani mmoja wa nchi nzima nako kumejaribiwa. Brazili iliwalazimisha wahitimu watarajiwa kufanya mtihani wa taifa kuanzia 1996, na kuanzia 2004 ikaubadilisha kuwa ENADE, unaoendelea. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilifanya majaribio ya mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa vyuo vikuu katika nchi 17, lakini baada ya ripoti za 2012 na 2013 mpango haukuendelea. Mitihani ya namna hii humwambia waziri chuo kipi kiko nyuma. Mwalimu haambiwi afundishe nini tofauti Jumatatu.

Maboresho yanayofanikiwa mara nyingi ni madogo na ya idara yenyewe. Idara ya sosholojia, kwa mfano, inaweza kusoma ripoti 30 za utafiti za mwaka wa mwisho kwa vigezo vilivyokubaliwa na kukuta kwamba mbinu za kukusanya data zimeelezwa vizuri, lakini mapitio ya maandiko ni muhtasari wa kitabu kimoja baada ya kingine bila kulinganisha. Ramani ya mtaala inaonyesha kwamba kulinganisha maandiko hakujafanyiwa mazoezi popote. Idara inaweka kazi fupi mbili katika mwaka wa pili na moja mwaka wa tatu, kurasa tatu kila moja, vyanzo viwili vinavyopingana, na mwanafunzi anarudishiwa maoni kabla ya kuandika upya. Inasubiri. Wanafunzi wa kwanza kupitia mazoezi hayo wanapofika mwaka wa mwisho, ripoti zao 30 zinasomwa kwa vigezo vilevile, na wasomaji wasioambiwa ni za mwaka gani. Kazi yote inachukua miaka miwili au zaidi, na haihitaji ufadhili.

Mazingira ya kisheria ya kufanya hivyo yapo. Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu tangu 2005, Kenya ina tume yake iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na Uganda ina baraza lake la elimu ya juu kwa sheria ya 2001. Juu yao, Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lililoundwa 1980, liliandaa kwa msaada wa Ujerumani miongozo inayoitaka kila programu ijitathmini yenyewe kwanza, kwa kuandika udhaifu wake, kabla ya wataalamu wa vyuo vingine kuja kuihakiki. Mwaka 2015 ukanda ulikubaliana juu ya mfumo mmoja wa sifa za elimu ya juu ulioandikwa kwa lugha ya matokeo ya ujifunzaji, na 2017 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakatangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Maana yake ni kwamba mhitimu wa Mbarara anapoomba kazi Mwanza, mwajiri anatakiwa aweze kujua anaweza nini. Mradi wa mageuzi ya elimu ya juu wa HEET, ambao Benki ya Dunia iliupatia Tanzania dola milioni 425 mwaka 2021, pia umevifanya vyuo vya umma vipitie mitaala yao kwa kuwahusisha waajiri. Mitaala mingi mipya imeandikwa au inaandikwa. Swali ambalo miradi ya namna hii hulipa nafasi ndogo ni nani atarudi kupima baada ya fedha kwisha.

Tangu mwisho wa 2022, programu za akili mnemba zimeutikisa ushahidi wenyewe. Insha iliyoandikiwa nyumbani, ambayo ilikuwa nguzo ya upimaji katika sanaa na sayansi za jamii, haithibitishi tena peke yake kwamba mwanafunzi anaweza kujenga hoja. Baadhi ya idara zimerudisha uandishi wa darasani, nyingine zinadai rasimu kwa hatua, nyingine zinamtaka mwanafunzi aitetee kazi yake kwa mdomo. Utetezi wa mdomo ni ushahidi mzuri sana, ila ni ghali: dakika 10 kwa kila mmoja wa wanafunzi 300 ni saa 50 za mtahini mmoja. Lakini hesabu hiyo ni ya swali la kwanza, la nani amefaulu. Kwa swali la pili, la kama programu imefundisha, idara haihitaji wote 300. Inatosha kuwachagua 30 kwa bahati nasibu, saa 5 za kazi, kisha kuandika kwa uaminifu walichoweza na walichoshindwa, na kufanya hivyo tena mwaka unaofuata.